Diski ya Njuguna

Hakuna mtu aliyezikwa Roret miaka hii bila kupitia mikononi mwa Joram Njuguna. Usishtuke, hakuwa muuza majeneza. Alikuwa mpiga picha, na duka lake lilipakana na langu kwa ukuta wa mbao ambao wewe ukikohoa huku, wa kule anakwambia pole. Mimi ni Cherotich, fundi wa nguo. Nashona sare za shule na magauni ya kwaya. Yeye alipiga picha za harusi, za ubatizo na za pasipoti, lakini kilichomlisha hasa ni vile vijitabu vya mazishi, vyenye picha ya marehemu kwenye jalada na habari za maisha yake ndani. Familia ilikuja na picha iliyokunjika ya mzee wao, ikaondoka na mzee amenyooka, kola safi, jicho limefunguka. Nilikuwa namtania kwamba hata shetani akipita kwenye kompyuta yake atatoka na sura ya shemasi.

Picha zikishachapishwa, zilibaki kwake kwenye kompyuta. Watu wa mbali wanaweza kuona ajabu, lakini nyumba nyingi za hapa zina mwanamke mzee kama mama mkwe wangu. Kogo, ndivyo tunavyomwita bibi, hakutaka picha ya aliyekufa itundikwe mahali watoto wanapolala. Jina lake pia halikutajwa ovyo. Mwacheni apumzike, alisema, mkimwita-mwita atageuka. Basi nusu ya Roret iliacha wafu wake kwa Njuguna, na aliyewataka alipita siku ya soko akawatazama kidogo, akafuta macho, akaenda kununua sukuma wiki.

Mimi wangu alikuwa Chepchirchir, kifungua mimba. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kabla hajaanza darasa la kwanza. Miezi michache kabla ya hapo Njuguna alikuwa amerekodi watoto wa Sunday school wakisema mistari ya Biblia. Wangu alitoka mbele na gauni nililomshonea mwenyewe, akafungua mdomo, mstari ukamtoroka. Akacheka. Akanitafuta kwa macho kati ya watu, akasema, "Mama, nimesahau." Ndiyo hiyo tu. Sauti yake yote iliyobaki duniani ilikuwa hiyo.

Utaniuliza kwa nini sikuiweka kwenye simu. Niliiweka! Simu ya kwanza iliibwa sokoni Chepseon nilipoenda kununua vitambaa, ya pili ikaingia kwenye ndoo ya maji ya kuloweka nguo. Kila mara Njuguna alinirudishia ile video bila kulalamika, na mara ya mwisho akaniambia nisihangaike. Simu ni kitu cha mfukoni, alisema, mtoto yuko hapa, ukimtaka bisha. Nikawa nabisha zile mbao. Yeye anawasha, mimi nazunguka nakaa kwenye kiti cha wateja, namwona mwanangu akisahau mstari wake, narudi kwenye cherehani. Watu wengine wote walikuwa wameshaanza kuniita Mama Kipchoge, kwa mtoto wa pili. Njuguna peke yake aliendelea kuniita Mama Chepchirchir, na nilimpenda kwa hilo kama ndugu.

Sasa nikueleze huyu mtu alitoka wapi, maana bila hiyo hutaelewa ujinga alioufanya, na mimi bado nauita ujinga.

Alizaliwa upande wa Kipkelion, kwa wazazi waliokuja kutoka Nyeri zamani. Baba yake alikuwa mpiga picha pia, wa zile kamera za filamu. Mwaka ule wa fujo baada ya uchaguzi, nyumba za waliotoka kwingine zilipochomwa, Njuguna aliona moshi ukija kutoka ng'ambo ya bonde. Akafanya jambo la akili, au aliloliona la akili. Aligawa vitu vyake mafungu matatu: kamera, masanduku ya filamu za baba yake, albamu za nyumbani. Akavipeleka kwa majirani watatu, Wakipsigis, watu wa kabila langu, watu aliokuwa akiimba nao kanisani. Halafu akakimbia na mkewe Nyathira na mtoto wao Abigael. Studio iliungua. Hali ilipotulia akarudi kuulizia vitu vyake. Wa kwanza alisema wanajeshi walichukua. Wa pili alisema nyumba yake pia iliungua, na alisema hayo akiwa amesimama chini ya paa lilelile la siku zote. Wa tatu hakufungua mlango. Njuguna akabaki hana hata picha moja ya mama yake mzazi.

Nyathira aliapa kwamba hatakanyaga tena huku. Alibaki Nakuru na Abigael, na Njuguna akawa anaenda kwao mwisho wa mwezi. Kwa nini yeye alirudi? Niliwahi kumuuliza. Akasema mkono wake umezoea sura za huku.

Alirudi, lakini alirudi na somo moja kichwani: usitawanye. Kila kitu alikiweka kwenye kompyuta moja, ile ya sanduku la kuweka chini ya meza. Akanunua diski ya pembeni ya kuhifadhi nakala, akaifunga ubavuni mwa lile sanduku kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, akachomeka waya wake na hakuuchomoa tena. Alinionyesha kwa fahari. Siku ya kukimbia, alisema, nabeba kitu kimoja. Na kweli, kila uchaguzi ulipokaribia, alitia lile sanduku na diski yake kwenye gunia akaenda nalo Nakuru mpaka matokeo yapoe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nikamwelewa. Lakini nilipomwona anapita mlangoni mwangu na lile gunia, akiniaga kwa heshima, moyo wangu uliuma. Mimi nilikuwa nani? Mmoja wa wale watatu?

Ndipo akaja Mwalimu Kiptum. Huyu anafundisha kompyuta kwenye shule moja ya sekondari hapa karibu, mtu mpole, ila akishika jambo haachi. Alikuja kuchapisha picha za wanafunzi, akaona ile kompyuta inavyojikokota, akauliza ina Windows gani. Njuguna akacheka. Ilikuwa ya kuwekewa na kijana mmoja kwa flash, si ya kununua, na masasisho alikuwa ameyafunga kwa sababu yanakula bando. Kiptum hakucheka. Alimweleza kwamba toleo lile lenyewe limefika mwisho, waliolitengeneza wameacha kulitilia viraka, na hiyo ya wizi haikuwa ikipata viraka hata kabla ya hapo. Mimi nilikuwa mlangoni na futi shingoni, na hilo la viraka nililielewa mara moja. Nguo ikitoboka na fundi amehama, tundu halitajiziba lenyewe.

Akampa njia mbili. Anunue mashine nyingine itakayokubali Windows mpya na ailipie kihalali, maana hii ilikuwa nzee mno. Au badala ya Windows aweke Linux, ambayo ni ya bure, haihitaji kuibiwa, na inakubali hata mashine kongwe. Njuguna akasema fedha za mashine ziko kwenye karo ya Abigael. Basi Linux, akasema Kiptum. Lakini akaongeza kwamba hilo ni nusu ya kazi, na nusu yenyewe ni ile ndogo. Akainama, akagusa ile diski iliyofungwa kwa mpira. Akasema hii si akiba, hii ni chumba cha pili cha nyumba ileile, na mwizi akiingia ataingia vyote. Inatakiwa ichomolewe kila ikimaliza kazi, na iwepo nyingine inayolala nyumba tofauti kabisa.

"Hata kwa Mama Kipchoge hapa," akasema.

Nikadakia. Nikasema nina kabati la kufuli, aniletee leo hii, na Kogo hatajua ni nini, nitamwambia ni pasi. Nilikuwa nacheka. Njuguna hakucheka.

"Mama Chepchirchir," akasema, "wewe ni mtu mzuri. Hata wale walikuwa watu wazuri."

Kiptum akajifanya anaangalia printa. Mimi nikarudi dukani kwangu, nikakanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika. Nilikasirika, na nitasema wazi kwamba nilikasirika. Miaka yote hiyo nimekunywa naye chai, nimemlindia duka akienda Nakuru, nimemshonea Abigael sare bila kudai, halafu naambiwa nafanana na watu ambao sijui hata majina yao! Mwanangu alikuwa kwenye ile diski. Nilikuwa namwomba aniachie nimlinde mwanangu mwenyewe. Lakini utamlazimishaje mtu akuamini? Imani hainunuliwi kwa chai.

Ile Linux iliwekwa. Kiptum hakuifuta Windows ya zamani, aliweka zote mbili, ukiwasha mashine inakuuliza unataka ipi. Akamwagiza Njuguna kwamba mambo yote ya mtandao yafanyike kwenye Linux, na ile ya zamani asiiunganishe na mtandao kamwe. Waya wa diski aliuchomoa kwa mkono wake. Siku mbili baadaye nikaona umechomekwa tena. Nikamuuliza Njuguna, akasema, na wakija ghafla? Nikamuuliza nani waje, mwaka huu kuna uchaguzi gani?

Kwa muda mambo yalienda. Njuguna alijifunza, akawa hata anajisifu kwamba mashine imekuwa nyepesi. Shida ilikuwa vijitabu. Violezo vyake vyote, ile mipangilio ya kurasa anayoitumia tena na tena, alivitengeneza miaka na miaka kwenye programu ya Windows, na alipovifungua huku kwenye Linux maandishi yalikimbia, wimbo ukaingia juu ya jina la marehemu, mpaka wa maua ukapotea. Na printa ya picha haikuelewana vizuri na Linux. Kiptum alisema atalishughulikia hilo wakati wa likizo. Alisema pia Njuguna atengeneze violezo vipya polepole, kimoja kimoja. Lakini kifo hakingoji likizo.

Watu wa Soin walikuja na kazi kubwa. Marehemu alikuwa mzee wa kanisa, anazikwa Ijumaa, wageni ni wengi. Njuguna alihangaika nayo, akapanga upya kila ukurasa kwa mkono, akachapisha. Rangi ya jalada ilitoka nyekundu. Si sana, lakini uso ni uso. Mtoto wa kwanza wa marehemu alishika kijitabu, akakitazama, akakitupa juu ya meza. Akasema baba yake ameonekana kama mtu aliyechomwa moto.

Nilisikia kupitia mbao. Ungemwambia neno lingine lolote duniani angelimeza. Baadaye alikuja kwangu kuazima mkasi. Akasema, "Mimi nimewachoma watu?" Nikamwambia aachane na huyo, ni msiba unaongea. Akarudi kwake, akazima mashine, akaiwasha upande wa Windows ya zamani ili aitengeneze kazi upya kabla ya Ijumaa.

Nayo Windows, kumbe, kwa kuwa ya wizi, ilikuwa imeanza kumdai leseni na kumfanyia skrini nyeusi. Akafanya walichomfundisha vijana zamani. Akaiunganisha na mtandao, akatafuta kile kiprogramu cha kuidanganya kwamba imelipiwa. Maelezo yakamwambia azime kwanza ulinzi, maana ulinzi utakiona ni adui. Akauzima. Kilikuwa adui kweli. Na diski ilikuwa imefungwa kwa mpira, waya umechomekwa, iko tayari kukimbia.

Vijitabu vya Soin alivimaliza, vikatoka vizuri, familia ikashukuru. Jumamosi asubuhi nilikuta mlango wake uko wazi na yeye amekaa kwenye kiti cha wateja, si cha kwake. Nikamuuliza kama ameamkia hapo. Akanionyesha skrini. Kila picha ilikuwa na jina lake, na nyuma ya jina mkia wa herufi ambazo si neno la lugha yoyote. Ukibonyeza, haifunguki. Kulikuwa na barua ya Kiingereza ikisema mafaili yake yamefungwa, na ufunguo unauzwa kwa zile fedha za mtandaoni. Akafungua diski. Mkia uleule, mpaka mwisho.

Nikamwambia amtafute Chepchirchir.

Alimtafuta. Jina lilikuwepo, nililisoma kwa macho yangu. Akabonyeza, kikatokea kisanduku cheupe kikisema hakijui hiki ni kitu gani. Akabonyeza tena. Nikamshika mkono nikamwambia aache, kwa maana alikuwa analia na mimi nilikuwa nataka kumpiga, na vyote viwili havikufaa dukani asubuhi.

Kiptum alikuja mbio. Alikagua, akapiga simu kwa watu anaowajua Nairobi, akasoma mtandaoni, na mwisho akakaa chini. Akasema asilipe, maana wengi hulipa na hawapewi chochote, na huyu hana hata cha kulipa. Akasema funguo za wezi kama hawa wakati mwingine hupatikana baada ya miaka, polisi wa nchi za mbali wakiwakamata, kwa hiyo diski isifutwe, iwekwe. Wakati mwingine, alirudia, si kila mara. Njuguna akamuuliza kama ile Linux ingemwokoa. Kiptum hakutaka kumjibu, mtu mpole yule. Lakini Njuguna alishikilia, akajibiwa. Linux ingesaidia, ila hata bila Linux, angekuwa amechomoa ule waya tu, yote yangekuwepo.

Jumapili Njuguna aliomba nafasi kanisani. Alisimama mbele akawaeleza, kwa Kipsigis chake kizuri, kwamba picha za wafu wao zimefungwa na wezi asiowajua, na kwamba kosa ni lake. Hakuficha kitu. Mama mmoja akaanza kulia kwa sauti ya chini, kisha wengine. Nje baada ya ibada nilisikia maneno. Ati ameziuza. Ati wezi gani wa mtandao wanaotaka picha za wazee wa Roret? Mtu mmoja, jina nalijua na sitalisema, akatoa lile neno: mtu wa kuja ni mtu wa kuja tu. Nilimjibu huyo hapo hapo, na sitaandika nilivyomjibu. Lakini neno likishatoka halirudi. Wateja wakaanza kupeleka misiba yao Litein. Wengine walikuja mlangoni wakidai baba yao, wakidai dada yao, na yeye anawaonyesha jina kwenye skrini, kisanduku cheupe, pole mama, pole mzee, kutwa nzima. Nilihesabiwa katika hao. Mara mbili nilibisha zile mbao kwa mazoea, na mara zote mbili hakujibu, nami nikashukuru kwamba hakujibu.

Alifunga duka mvua za masika zilipoanza. Printa aliuza, kamera akabeba. Siku ya kuondoka alipita kwangu akiwa na lile gunia, nikadhani anaaga tu kama siku zote za uchaguzi. Akaliweka chini. Akafungua ule mpira wa baiskeli, ulikuwa umeshikana na chuma kwa kukaa miaka, akautoa kwa kisu. Akanipa diski kwa mikono miwili, vile mnavyopeana mtoto mchanga.

"Ikae kwako, Mama Chepchirchir. Kiptum amesema huenda siku moja ufunguo utapatikana. Hawa ni watu wa hapa, siwezi kwenda nao Nakuru."

Ningeweza kuipokea tu. Mtu mwenye adabu angeipokea tu.

"Sasa ndiyo unaniamini, Njuguna?" nikamuuliza. "Sasa?"

Aliinamisha kichwa. Akabeba gunia lake lililobaki jepesi, akashuka kuelekea stendi. Sijamwona tena. Nilipompigia simu Pasaka, Abigael ndiye aliyepokea. Alisema baba hatoki nyumbani siku hizi, na kamera haigusi.

Diski niliiweka kwenye kabati la kufuli, nyumbani, chini ya mashuka. Watu walipojua, wakaanza kupita. Hawaombi kitu. Wanauliza tu kama iko salama, nawaambia iko, wanakunywa chai wanaenda.

Kogo ndiye aliyenishinda. Jioni moja alinikuta nimeitoa kuifuta vumbi, akauliza ni kitu gani. Nilichoka kudanganya. Nikamwambia ni watu wa Roret waliokufa, wale wa Njuguna, wote wako humu. Nikangoja aniambie niwatoe nje ya nyumba. Hakusema hivyo. Amezeeka sana, mkono wake ni ngozi na mifupa. Aliunyoosha, akaishika diski, akaigeuza-geuza.

"Na yule mdogo?" akauliza. "Chepchirchir?"

Sikuwa nimesikia jina hilo mdomoni mwake tangu tumzike. Nikamwambia ndiyo, yuko humu pia.

"Washa basi, nimwone kabla sijaenda."

Nikamwambia stima zimepotea. Taa ya umeme ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu. Kogo akainua uso akaitazama ile taa, kisha akanirudishia diski, akaomba apelekwe kulala.